Rika, Shule na Nyumba: James S. Coleman na Uchunguzi wa Maisha ya Wanafunzi

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutolewa kwa kawaida kama onyo kwa mtoto mkaidi, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya malezi. Yatufundisha kwamba walimu wa mtoto ni wengi, kwamba nyumba ni mmoja wao na ulimwengu ni mwingine, na kwamba pale mmoja anaponyamaza mwenzake hushika zamu. Shule haikutajwa katika methali hiyo, kwa kuwa methali ni kongwe kuliko madawati. Hata hivyo shule ya kisasa imejiweka katikati ya mama na ulimwengu, nayo imedai kuwa na neno la mwisho juu ya mtoto.

Je, dai hilo ni la kweli? Mwanafunzi anapokaa darasani, nani humfunza hasa: mwalimu aliye mbele yake, wenzake walio kando yake, au wazazi aliowaacha nyumbani asubuhi? Katika nusu ya pili ya karne ya 20 hapana mtafiti aliyelifuatia swali hili kwa ukaidi kuliko Mmarekani James Samuel Coleman (1926-1995). Makala hii inakusudia kueleza hatua za uchunguzi wake tangu mwaka 1957 hadi 1990, magomvi yaliyozuka juu yake, na kiasi ambacho matokeo yake yaweza kuchukuliwa nje ya nchi yalikotoka.

Yafaa kwanza kuondoa mkanganyo mmoja. Msomaji wa Kongo apekuapo rafu za maktaba atakutana na James S. Coleman wawili. Mmoja ni James Smoot Coleman, mtaalamu wa siasa za Afrika, aliyekitolea Nigeria kitabu mashuhuri mwaka 1958, kisha akafanya kazi Afrika Mashariki na Zaire kwa niaba ya Rockefeller Foundation na kuandika juu ya dola na chuo kikuu nchini mwetu. Huyo siye anayezungumziwa hapa. Anayezungumziwa ni mwanaelimujamii wa Chicago na Baltimore, ambaye jina lake limefungamana na shule.

2. Mkemia aliyegeukia jamii

Coleman alizaliwa tarehe 12 Mei 1926 mjini Bedford, katika jimbo la Indiana. Alimaliza sekondari mjini Louisville, Kentucky, mwaka 1944, akatumikia jeshi la majini, kisha akasomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Purdue, alikopata shahada yake mwaka 1949. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mkemia katika kampuni ya Eastman Kodak. Hakudumu huko. Alikwenda Columbia, New York, ambako Paul Lazarsfeld na Robert Merton walikuwa wakifundisha elimujamii kwa namna mbili zilizokamilishana: Lazarsfeld kwa hojaji na hesabu, Merton kwa nadharia. Coleman alihitimu udaktari mwaka 1955.

Malezi haya yanaeleza mengi. Mhandisi huuliza jinsi mtambo unavyofanya kazi na mahali pa kugusa ili ufanye vingine. Coleman aliitazama shule kwa jicho hilohilo. Kabla yake walikuwapo waliokwisha kuona kwamba shule ni jamii ndogo yenye mila zake. Willard Waller aliandika hivyo mwaka 1932 katika kitabu chake juu ya ualimu. August Hollingshead mwaka 1949 alionyesha jinsi matabaka ya mji mmoja wa Illinois yalivyoingia hadi katika urafiki wa vijana wake. Na Wayne Gordon mwaka 1957 aliichunguza sekondari kama mfumo wa kijamii. Jambo jipya alilolileta Coleman lilikuwa kulinganisha shule nyingi kwa pamoja, na kuuliza kama tofauti za mila za wanafunzi huleta tofauti za masomo.

3. Shule kumi za Illinois

Uchunguzi ulifanywa katika mwaka wa masomo 1957-1958, katika sekondari kumi za jimbo la Illinois. Shule ndogo kabisa ilikuwa na wanafunzi wachache, na kubwa kabisa ilikaribia 2,000. Nyingine zilikuwa za vijijini, nyingine za miji midogo ya viwanda, nyingine za vitongoji vya matajiri. Tisa zilikuwa za serikali na moja ilikuwa ya Kikatoliki ya wavulana. Coleman alizipa zote majina ya kubuni. Wanafunzi walijibu hojaji mwanzoni mwa mwaka na tena mwishoni, na kila mmoja aliwataja rafiki zake, hata ikawezekana kuchora ramani ya urafiki wa shule nzima. Kitabu kilichotoka mwaka 1961 kiliitwa The Adolescent Society, yaani jamii ya vijana.

Swali lililopata sifa kuliko yote lilikuwa jepesi. Mvulana aliulizwa angependa akumbukwe shuleni kwa lipi: kama mwanafunzi hodari, kama nyota wa michezo, au kama mtu anayependwa na wote. Msichana aliulizwa vivyo hivyo, ila mahali pa michezo paliwekwa uongozi wa shughuli za wanafunzi. Miongoni mwa wavulana, kundi kubwa kuliko mengine lilichagua michezo. Waliochagua uhodari wa masomo hawakuzidi theluthi moja. Wasichana nao waliweka mbele kupendwa na kuongoza. Wanafunzi walipoulizwa pia kijana afanye nini ili aingie katika kundi la wakubwa wa shule, majibu yalitaja tabia ya kuvutia, sura, mavazi, na kwa wavulana mpira. Alama nzuri darasani zilikuja nyuma.

Mtu angeweza kusema kwamba haya yote ni mchezo wa ujana na hayagusi masomo. Coleman alionyesha kuwa yanagusa. Katika shule ambamo mwanafunzi hodari hakupewa heshima na wenzake, wenye vipaji vikubwa hawakuwa wale wale waliopata alama za juu. Waliopata alama hizo walikuwa wale waliokubali kufanya kazi isiyo na malipo ya kijamii. Wenye akili zaidi walipeleka nguvu zao palipokuwa na sifa, kama uwanja wa mpira. Kwa hiyo shule haikuwa inapoteza wavivu tu. Ilikuwa ikipoteza baadhi ya vijana wake bora, nao walikuwa wakipotea mbele ya macho ya walimu.

4. Kwa nini rika hubeza bidii

Maelezo aliyoyatoa Coleman ndiyo yenye thamani kubwa katika kazi hii ya kwanza. Hakuwalaumu vijana wala hakuwahubiria. Aliuliza shule inatoa tuzo kwa namna gani.

Alama za darasani hutolewa kwa kulinganisha mwanafunzi na mwenziwe. Mmoja akijitahidi mno, kipimo hupanda kwa wote, na waliokuwa wakipita kwa kazi ya wastani huonekana dhaifu. Wenzake hufanya basi kama wafanyakazi wa kiwandani wamfanyiavyo mwenzao anayezalisha kupita kiasi kilichozoeleka: humcheka, humtenga, humpa jina baya. Kwao huo si ujinga. Ni njia ya kundi kujilinda. Mchezaji wa timu ya shule yumo katika hali iliyo kinyume kabisa. Akifunga bao, shule nzima imefunga. Jasho lake ni ushindi wa kila mtu, nao humpigia makofi. Hivyo shule yenyewe, kwa jinsi ilivyopanga mashindano, ilikuwa imewafundisha vijana kumpenda mchezaji na kumshuku msomi.

Dawa aliyoipendekeza ilifuata maelezo hayo. Mashindano ya masomo yawe baina ya shule na shule, au kundi na kundi, ili msomi naye awe mtetezi wa wenzake. Alipohamia Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1959, Coleman aliunda pamoja na wenziwe michezo ya kuigiza maisha, uchumi na siasa kwa ajili ya madarasa, ambamo wanafunzi hujifunza kwa kushindana na hukumu hutolewa na mchezo wenyewe, pasipo mwalimu.

Kitabu hakikukosa wapinzani. Baadhi walisema kwamba ameitenga mno jamii ya vijana na ile ya wazazi wao, ilhali majibu ya hojaji yake mwenyewe yalikuwa na ushuhuda tofauti. Wanafunzi walipoulizwa lipi lingewaumiza zaidi, kuwaudhi wazazi au kuachana na rafiki, zaidi ya nusu walijibu wazazi. Tena Marekani ya watu wazima ya miaka hiyo ndiyo iliyojaza viwanja vya mpira na kuwashangilia wanariadha. Vijana walirithi mapenzi hayo kuliko walivyoyabuni. Lawama hii ilikuwa na haki. Coleman mwenyewe, kama itakavyoonekana, alirudi nyumbani kwa wazazi kabla ya kumaliza safari yake.

5. Ripoti ya mwaka 1966

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 iliiagiza serikali ya Marekani ichunguze, katika muda wa miaka miwili, jinsi wananchi wanavyonyimwa nafasi sawa za elimu kwa sababu ya rangi, dini au asili. Kazi hiyo alikabidhiwa Coleman akiwa na kundi la wataalamu. Ilikuwa miongoni mwa tafiti kubwa kabisa za elimujamii zilizopata kufanywa hadi siku hizo: wanafunzi zaidi ya 500,000, walimu wapatao 60,000, shule zipatazo 4,000. Ripoti ilitolewa Julai 1966.

Wengi walitazamia kwamba ingethibitisha jambo lililoonekana wazi: watoto Weusi hushindwa kwa sababu shule zao zimenyimwa majengo, vitabu na vifaa. Ripoti ilithibitisha kwamba wengi wa watoto Weusi na Weupe walisoma katika shule zilizotengana, na kwamba pengo la matokeo baina yao lilikuwa kubwa. Lakini katika sababu za pengo hilo, mizani ya vifaa ilikuwa nyepesi kuliko ilivyotazamiwa. Tofauti za majengo, maktaba na matumizi ya fedha zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za matokeo. Sehemu kubwa zaidi ilielezwa na nyumba alikotoka mtoto, na baada ya hapo na wenzake wa darasani: elimu ya wazazi wao na matarajio yao. Watoto wa makabwela ndio walioathiriwa zaidi na wenzao, kwa mema na kwa mabaya. Ripoti ilitaja pia hisia ya mtoto kwamba maisha yake yamo mikononi mwake. Kwa watoto wa tabaka lililonyimwa, hisia hiyo ilifungamana na matokeo kuliko mambo yote ya shule yaliyopimwa.

Hapa rika limerejea kwa mlango mwingine. Mwaka 1961 wenzake mwanafunzi walikuwa kizuizi cha bidii. Mwaka 1966 walionekana kuwa hazina ambayo mtoto mmoja anayo na mwingine hana. Watetezi wa kuchanganya watoto wa rangi zote katika shule moja walipata humo hoja yenye nguvu, nayo ilitumika katika mabishano ya mahakamani.

6. Lawama za kulia na kushoto

Miaka tisa baadaye marafiki waligeuka. Mwaka 1975 Coleman alitoa uchunguzi mpya juu ya mwendo wa utengano wa shule tangu 1968 hadi 1973. Alihitimisha kwamba katika miji mikubwa, amri za kuwachanganya wanafunzi zilikuwa zikiharakisha kuhama kwa Weupe kwenda vitongojini, hata utengano ukarudi kwa sura nyingine. Wataalamu wenzake walizikosoa hesabu zake kwa ukali, na baadhi waliona kwamba amewasaliti watu aliokuwa amewatetea. Rais wa chama cha wanaelimujamii wa Marekani, Alfred McClung Lee, alitaka achukuliwe hatua na chama hicho. Jaribio hilo halikufaulu, na mwaka 1991 Coleman akawa mwenyewe rais wa chama hichohicho.

Kisa hiki chastahili kukumbukwa na kila anayefanya utafiti juu ya shule, kwa maana mtafiti wa elimu hukaa karibu na dola. Matokeo yake husomwa na mawaziri, mahakimu na wazazi wenye hofu. Wakosoaji walikuwa na haki ya kudai hesabu irudiwe, na kwa kweli wengine waliirudia wakapata matokeo tofauti. Lakini kutaka mtu aadhibiwe kwa kuwa jibu lake halikupendeza ni jambo jingine. Chuo kikuu kinachofunga mlango kwa jibu kabla ya kulipima kimeacha kuwa chuo kikuu, na hasara yake huwaangukia kwanza wale ambao jibu la kweli lingewafaa.

7. Kurudi nyumbani: mtaji wa kijamii

Coleman alikuwa amerudi Chicago tangu mwaka 1973. Mnamo mwaka 1980 ulianza uchunguzi mwingine wa taifa zima, uliokusanya habari za wanafunzi wapatao 58,000 katika shule zaidi ya 1,000. Yeye na wenziwe walilinganisha shule za serikali na za binafsi, nao walisema kwamba wanafunzi wa shule za Kikatoliki walifanya vizuri zaidi hata walipolinganishwa na wenye hali moja ya nyumbani. Ugomvi ulizuka tena. Jambo lililomshughulisha zaidi Coleman lilikuwa idadi ya walioacha shule kati ya mwaka wa pili na wa mwisho wa sekondari: asilimia 14.4 katika shule za serikali, 11.9 katika shule nyingine za binafsi, na 3.4 tu katika shule za Kikatoliki. Kama ada pekee ingekuwa sababu, shule zote za binafsi zingefanana.

Jibu alilolitoa katika kitabu cha 1987 alichoandika na Thomas Hoffer, na katika makala ya 1988, lilikuwa hili: nyuma ya shule za Kikatoliki palikuwa na jumuiya. Wazazi walionana kanisani, walifahamiana, na mtoto wa mmoja alijulikana na wote. Mtoro hakuweza kujificha, kwa kuwa mama wa rafiki yake alikuwa pia rafiki wa mama yake. Mahusiano ya namna hii Coleman aliyaita mtaji wa kijamii. Fedha humo mfukoni na ujuzi humo kichwani mwa mtu; mtaji huu humo katikati ya watu. Alitoa mifano ya maisha ya kawaida. Mama mmoja aliyehama Detroit kwenda Jerusalem aliona raha kuwaacha watoto wake watembee peke yao, kwa kuwa huko mtu mzima yeyote aliye karibu humtazama mtoto asiye wake. Katika wilaya moja ya Marekani ambako familia hununua vitabu vya shule, wakuu walishangaa kuona baadhi ya wahamiaji kutoka Asia wakinunua nakala mbili za kila kitabu. Nakala ya pili ilikuwa ya mama, ili asome na kumsaidia mwanawe.

Wasomaji wa Kifaransa watakumbuka kwamba Pierre Bourdieu, ambaye mwaka 1964 alitoa pamoja na Jean-Claude Passeron kitabu Les Héritiers juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ufaransa, naye alitumia jina la mtaji wa kijamii. Wawili hawa walifahamiana, na mwaka 1991 walihariri kitabu kimoja kwa pamoja. Lakini kwa Bourdieu mtaji huo ni silaha ya tabaka linalotawala, ilhali kwa Coleman ni kitu ambacho hata maskini anaweza kuwa nacho, na ambacho hata tajiri anaweza kukipoteza. Nadharia hiyo ilipata nafasi yake kamili katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1990, Foundations of Social Theory. Alifariki mjini Chicago tarehe 25 Machi 1995.

8. Je, haya yavuka bahari?

Hatari kubwa ya ripoti ya 1966 ni kwamba serikali yaweza kuisoma kwa jicho moja. Ikiwa majengo na vitabu vina uzito mdogo, kwa nini kuvigharimia? Jibu lilitoka karibu na kwetu. Stephen Heyneman, aliyechunguza shule za Uganda katika miaka ya 1970, aliona kwamba huko hali ya nyumbani ilifungamana kidogo sana na matokeo ya mtihani. Mwaka 1983, pamoja na William Loxley, alilinganisha nchi 29, tajiri na maskini. Kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu ulivyozidi kuwa na uzito katika masomo ya watoto. Watafiti wengine waliorudia hesabu hizo mwaka 2002 waliona tofauti hiyo imefifia sana, kwa hiyo suala halijafungwa. Lakini sababu ya msingi ni wazi. Shule za Marekani alizozipima Coleman zilikuwa zote na paa, madawati na vitabu, na mwalimu aliyelipwa. Kati ya chakula kingi na chakula kingi zaidi tofauti ni ndogo. Haifuati kwamba njaa haiui.

Kwa Kongo, fundisho la pili ni zito zaidi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipoporomoka, wazazi ndio walioibeba shule kwa michango yao, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Kwa miaka hiyo yote mzazi alijulikana shuleni kama mlipaji. Mtoto wa asiyelipa alirudishwa nyumbani, na mazungumzo ya mwalimu na mzazi yakawa mazungumzo ya deni. Coleman angeuliza swali jingine: je, wazazi hao walifahamiana? Mzazi aliyetoa franka aliisaidia shule isimame. Mzazi aliyemjua rafiki wa mwanawe, na mama wa rafiki huyo, alimsaidia mtoto abaki ndani yake. Michango yaweza kuondolewa kwa amri, lakini hapana amri iwezayo kuwafanya majirani wajuane.

9. Hitimisho

Safari ya Coleman ilianza kwa vijana waliotaka kukumbukwa kama wachezaji, ikamalizikia kwa mama aliyenunua kitabu cha pili. Katika miaka zaidi ya thelathini alibadili jibu mara kadhaa, akalaumiwa na waliomsifu na kusifiwa na waliomlaumu, ila swali lake lilibaki lilelile: mtoto husoma kwa ajili ya macho ya nani? Palipo na mwalimu peke yake, bidii huchoka. Palipo na mwalimu, wenzake wanaoona fahari kwa ushindi wake, na watu wazima wanaojuana juu ya kichwa chake, mtoto hupata sababu ya kuendelea. Wahenga walikwisha kusema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Coleman alizihesabu idadi za mikono hiyo, akaonyesha ni upi uliolegea.